Sista wa Quakers Hill

"Nimeomba wanibadilishie mwenza," Idrisa aliniambia, na hapo nilikuwa nimevua glavu moja tu. Katika nyumba ya wazee tulikofanya kazi huku Australia, mwaka ule wa pili wa korona, hakuna aliyeruhusiwa kuvua mavazi ya kinga peke yake. Mlikuwa wawili wawili. Mmoja anavua, mwingine amesimama nyuma ya mstari mwekundu uliobandikwa sakafuni, anakuangalia vidole usije ukajigusa. Mimi nilikuwa msafishaji, yeye ndiye nesi aliyesimamia mambo ya maambukizo, na kwa miezi minane yeye ndiye aliyeniangalia. Siku ile hakuniangalia macho hata mara moja. Aliangalia mikono tu, kama mikono ya mtu yeyote. "Ulimwambia nani?" akaniuliza. Nikasema sikumwambia mtu. "Na wale wa serikali, uliongea nao mwenyewe?" Mwenyewe, nikasema. "Kwa mdomo wako?" Kwa mdomo wangu, Idrisa. "Basi neno 'sista' limefikaje Tanga kwa mama yangu?" Nikabaki nimesimama na glavu yangu moja. Naye akasema, kwa sauti ileile ya kazi, "Gauni sasa. Hapana, umegusa mbele. Nawa mikono, rudia." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia uso kwa uso: rudia. Na lile neno langu, mwenyewe, lilikuwa uongo. Nitalifikia.

Sikupanga kuyaandika haya. Niliishia darasa la nne, shule ya kambi ya wakimbizi wa Burundi, Kigoma, kwa hiyo asiyependa maneno yaliyonyooka aache hapa. Lakini mwezi uliopita, kwenye harusi Granville, nilisikia sauti ya mtu kwenye maikrofoni, nikaiweka sahani yangu chini ya kiti. Sauti hiyo nilikuwa naitafuta tangu mwaka ule. Kila mkusanyiko wa watu wetu nilioingia, msiba, ubatizo, mechi ya vijana, nilikaa karibu na mlango nikisikiliza wanaume wakiongea, mmoja mmoja. Watu wakasema Melkiori amekuwa na maringo, hasalimii. Sikuwa na maringo. Nilikuwa nasikiliza.

Jina la Sista lilianza na Bibi Doreen wa chumba cha saba. Waaustralia wa umri wake humwita nesi "sista", awe mwanamke awe mwanamume, ndivyo walivyolelewa. Basi Bibi Doreen alikuwa anaita korido nzima, "Sista! Sista!", na anayekuja mbio ni Idrisa, mwanamume wa Tanga, mabega mapana, ndevu zimebanwa na barakoa. Anainama, anamwambia "Nipo, Doreen," kama vile ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Wengine wakilijaribu aliwakata kwa jicho. Siku moja nilimaliza kuvua, nimenawa mara ya mwisho, nikasema kwa Kiswahili, "Nimefaulu, Sista?" Aliniangalia mikono upya, nikadhani nimepoteza kazi. Akasema, "Jina hilo ana ruhusa nalo mtu mmoja, naye ana miaka tisini." Wiki iliyofuata nikapita bila kosa, akanisogezea pipa la taka kwa mguu na kusema, bila kucheka, "Sasa wana ruhusa wawili."

Msifikiri kwamba hapo tulianza kupendana. Hapo tulianza kuchunguzana. Yeye alikuwa na kidaftari mfuko wa juu, na mimi niliamini anaandika makosa yangu apate sababu ya kunifukuzisha. Mtu aliyesoma, wa pwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi, na mimi Kiswahili changu cha kambini kimejaa mavumbi. Kwa nini aniongeleshe? Yeye naye alidhani nimetumwa. Aliniuliza maswali kama yale ya maafisa wa kambi: unasali wapi, unakaa na nani, huyo unayekaa naye anamjua nani. Nikamjibu, halafu nikamuuliza yeye kwa nini hana pete kidoleni. Akasema, "Glavu zinachanika." Nikasema, "Hata siku ya mapumziko?" Akaniangalia juu ya barakoa muda mrefu. Mwaka ule wote tulikuwa macho tu, sote, na mtu ukimsoma macho kila siku mara nne anapovua na kuvaa, utajua anasema nini na anaficha wapi. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilijijua tangu zamani na nilikuwa nimekwisha kujizoesha kuishi bila mtu. Sikutegemea kujulikana na mtu mwingine, tena mlangoni pa chumba cha wagonjwa, tena na mtu mwenye saa mkononi na orodha ukutani.

Kwake kulikuwa Quakers Hill, chumba cha nyuma ya nyumba ya watu, kina jiko lake na mlango wake. Mara ya kwanza alinipakia kwenye gari baada ya shifti ya asubuhi, akaegesha mtaa wa pili, akaniambia nitangulie kwa miguu kama fundi. Pazia limefungwa mchana. Akawasha televisheni, wanapika keki humo, sauti juu, ili jirani asisikie wanaume wawili wanaongea. Akapika wali wa nazi na samaki wa ukwaju, na mimi nilikuwa nimebeba maharage yangu ya mawese kwenye kopo. "Mafuta haya hayatoki kwenye sahani," akalalamika, "yataniumbua." Nilidhani ni mzaha. Kumbe si mzaha: kabla sijanyanyuka kitini alishaichukua sahani yangu, kaiosha, kaifuta kwa kitambaa, kaitia chini kabisa ya sahani nyingine. Kwenye kichanja cha kukaushia ikabaki moja. Ndivyo ilivyokuwa kila nilipokwenda. Mtu akiingia ghafla ataona sahani moja, kikombe kimoja, mswaki mmoja. Wangu ulikaa kwenye mfuko wa koti langu.

Nami sikuwa bora. Siku moja yuko bafuni, nikachukua simu yake. Nilitaka kujua ameniandikaje. Nikatafuta Melkiori, hakuna. Melki, hakuna. Namba yangu ilikuwa chini ya jina "Fundi Bomba". Nikakasirika, nikakaa na hasira yangu mpaka akatoka na taulo, nikamwambia, "Fundi Bomba anakusalimia." Akasimama. "Umepekua simu yangu?" Nimepekua. "Lete yako." Akaitafuta namba yake, akakuta nimemwandika "Shifti". Hapo ndipo nilipomsikia anacheka kwa mara ya kwanza kwa sauti yake yote, akasahau jirani, akasahau televisheni. "Bwana Melki," akasema, "mimi na wewe tungekuwa majasusi tungekuwa matajiri." Siku ile alipomaliza kuosha vyombo aliziacha sahani mbili kwenye kichanja, zinakauka pamoja, na wala hakusema kitu. Niliziona. Nilijifanya sikuziona. Nikaogopa kwamba nikisema neno atairudisha moja chini.

Halafu kukaja ile lokdauni iliyotukaba sisi wa magharibi ya jiji peke yetu. Polisi mabarabarani, wanajeshi milangoni, helikopta juu ya Granville inatangaza mambo. Watu wetu waliotoka vitani walikuwa wakiisikia wanazima redio na kukaa sakafuni. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilikaa sakafuni. Kumtembelea mtu nyumbani kwake ikawa kosa. Idrisa akasoma masharti kwenye simu yake, akanitafsiria pole pole, halafu akaanza kucheka tena. "Sikiliza vichekesho. Rafiki marufuku, mpenzi ruksa. Ukimtembelea rafiki unapigwa faini. Ukimtembelea mpenzi wako, halali." Akaacha kucheka. "Melki, nisikilize vizuri. Siku ukiugua watu wa serikali watakupigia, watakuuliza ulikuwa wapi. Usiseme rafiki. Ukisema rafiki mimi nimevunja sheria, na mimi ndiye mwenye dhamana ya maambukizo pale kazini. Unesi wangu umekwisha. Sema kweli." Nikamwambia nikisema kweli watajua. "Watajua akina nani? Ni msichana wa ofisini, anajaza fomu, hajui Tanga iko wapi wala Burundi. Serikali haina kijiji." Kisha akanishika mkono, yeye ambaye hakuwahi kunishika mkono bila kunawa kwanza. "Ila uongee nao mwenyewe. Kiingereza, hata kibovu. Usikubali mtu wa kati wa kukutafsiria. Unaweza?"

Nikasema naweza. Ningesemaje? Kila siku alikuwa ananiandikia maneno matano kwenye kile kidaftari chake (kumbe humo ndimo mlimokuwa na masomo yangu) na mimi namwonyesha nimeyashika. Nilikuwa naona raha akinisifu. Sikutaka ajue kwamba nje ya yale matano mengine yote yananipita kama treni isiyosimama.

Niliugua wiki ya tatu baada ya hapo. Nililala chumbani kwangu Granville, homa imenipanda, mwenye nyumba ananiwekea uji nje ya mlango, anagonga na kukimbia. Saa nne asubuhi simu ikalia. Mwanamke, mpole, anaongea haraka. Nikashika neno "siku", nikashika neno "karibu". Nikamwomba arudie, akarudia, nikaomba tena. Mara ya nne nikaona aibu, na kichwa kinaniuma, nikasema: Kiswahili, tafadhali. Kukalia muziki kidogo. Kisha sauti ya mwanamume, nene, ya mtu anayependa kujisikia: "Haya tuseme hivi. Mimi ni mkalimani wako." Hakutaja jina, alitaja namba, ndio utaratibu wao. Akasema amekula kiapo, kila nitakachosema ni siri. Mimi jina langu kamili lilikuwa limeshasomwa, na mtaa wangu.

Mwanamke akauliza, yeye akageuza: "Kuna mtu uliyekuwa naye karibu, nje ya hapo nyumbani?" Nikasema, "Sista." Homa ndiyo iliyosema, ndilo jina nililomzoea kichwani. Yule mtu akacheka puani. "Sista? Mtawa? Kaka, umemwambukiza mtawa?" Nikasema hapana, ni sista wa kazini, nesi. "Haya tuseme hivi, anaitwa nani?" Idrisa, nikasema. "Idrisa ni jina la kiume." Ndiyo. "Basi ni rafiki yako." Ona hapo: mwanamke hakuwa ameuliza hivyo. Alikuwa bado anangoja upande wa pili. Huyu alikuwa anauliza ya kwake. Nikaikumbuka sheria, nikaukumbuka unesi wa Idrisa, nikasema, "Si rafiki. Ni mpenzi wangu." "Niseme hivyohivyo?" Sema hivyohivyo. Akasema. Na yule mwanamke akajibu neno moja, sawa, akauliza jina la mtaa. Kwake ilikuwa pumzi moja tu. Hata kalamu sidhani kama ilisimama.

Nilipopona Idrisa akanipigia. Yeye vipimo vyake vilikuwa safi, kazini hakuulizwa lolote, masharti yalikuwa upande wetu. "Uliongea nao mwenyewe?" Nikasema mwenyewe. Akasema, "Maneno matano matano, umeona?" Alikuwa anajivunia mimi. Nilipaswa kusema hapohapo. Nilikuwa na simu sikioni, uji mkononi, nafasi ninayo, na sikusema.

Haikupita wiki tatu. Nilikuwa chumba cha kufulia pale kazini napakia mashuka kwenye mashine, akaingia Mama Kevine, mama wa Kirundi anayefua pale, tuliyesafiri naye ndege moja kutoka kambini. Akaegemea meza. "Ee Melkiori. Sista wako hajambo?" Nikadhani amelisikia kwa Bibi Doreen. Nikaendelea kupakia mashuka. "Huniambii? Nimesikia mpaka simu ya Bujumbura, wewe unanificha mimi?" Nikamuuliza amesikia nini. "Mambo yako, alors! Si yangu." Akachukua kikapu chake akatoka anaimba. Mimi nikamshuku kila mtu. Nikamshuku mwenye nyumba wangu na uji wake. Nikamshuku Bibi Doreen, mtu wa miaka tisini. Na, Mungu anisamehe, nikamshuku Idrisa: labda ana mwingine, labda amemsimulia huyo mwingine wakicheka jina langu. Nilikwenda Quakers Hill siku mbili nikimtazama kama askari. Yeye naye alikuwa ananitazama. Sahani ikarudi kuwa moja. Kisha kaka yake mkubwa, Twaha, akampigia kutoka Tanga kumuuliza huyo sista ni nani, na baada ya hapo mama yake akaacha kupokea simu zake. Mama aliyekuwa akimpigia kila Ijumaa, anamwonyesha alichopika. Ijumaa ile Idrisa akapiga yeye, simu ikalia mpaka ikakata. Jumatatu tukakutana pale kwenye mstari mwekundu.

Idrisa alihamia Tasmania, kile kisiwa cha kusini, kabla mwaka haujaisha. Bibi Doreen aliendelea kuita "Sista" kama wiki mbili, na alipokuja nesi mwingine alikuwa anageuza uso ukutani. Mimi ndiye niliyekuwa napangusa chumba chake, naye aliniuliza yuko wapi, kwa Kiingereza chepesi ambacho hata mimi nilikielewa. Nikamwambia yupo njiani.

Ukweli nilipewa na Mama Kevine huyohuyo, bila kujua anatoa nini. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka, tunakunywa chai nje, mita moja na nusu kati yetu. Nadhani alikuwa amenihurumia. "Mimi nilikutetea, ujue," akasema. "Walikuja kwanza wakasema Melkiori iko na mtawa. Nikasema, Melkiori? Mtawa atamupata wapi, hata misa anachelewa! Donc basi nikakataa. Ni baadaye ndiyo wakasema hapana, huyo sista ni mwanaume." Mtawa. Bibi Doreen hakuwahi kufikiri mtawa, Idrisa hakuwahi, hakuna mtu pale kazini ambaye angefikiri mtawa. Duniani kote kosa hilo lilifanywa na mtu mmoja, mara moja, katika dakika ya kwanza ya simu ile. Nikamuuliza, "Walikuja akina nani?" Mama Kevine akachukua kikombe chake. "Watu," akasema. Mpaka leo hajanitajia. Na wewe Mama Kevine nimekuandika hapa kwa jina, maana ulibeba maneno.

Nikampigia Idrisa. Hakupokea. Nikamtumia ujumbe, nikakiri kwamba nilitumia mkalimani, kwamba nilidanganya kwa aibu. Niliona ameusoma. Akajibu mstari mmoja: "Kwanza ulisema mwenyewe, sasa unasema mkalimani, kesho utasema nani?" Sina la kumlaumu. Angeniamini kwa lipi, mtu niliyemdanganya pale pale alipoomba nisimdanganye?

Sasa harusi ya mwezi uliopita. Ukumbi umejaa, alasiri, watu wamevaa, pilau na sambusa zinazunguka. Mshereheshaji akachukua maikrofoni kuchangamsha watu wakati wanasubiri keki. "Haya tuseme hivi," akaanza, na mimi sahani nikaiweka chini. "Wakati wa korona kuna ndugu yetu mmoja aliulizwa na serikali, nani yuko karibu na wewe? Akasema, sista! Wakadhani kapata mtawa!" Akaweka mkono kiunoni, akageuza sauti, akamalizia yaliyobaki. Ukumbi mzima ukacheka. Wanawake walipiga meza. Mama Kevine alikuwa meza ya tatu, alikuwa anacheka pia, kisha akageuka akaniona, akafunga mdomo. Nikauliza kijana wa jirani huyo ni nani. Akasema, "Humjui Onesmo? Huyo ndiye tunamwita kila shughuli. Na ni mkalimani wa serikali, amesoma."

Nilimfuata nje kwenye maegesho, ana soda mkononi. Nikajitaja jina langu kamili, lile lililosomwa kwenye simu. Hakubabaika sana. "Kaka, ile ni stori ya kuchekesha watu. Sikutaja jina." Nikamuuliza, "Mwaka ule ulilitaja kwa nani?" "Haya tuseme hivi—" "Usiseme hivi. Sema nani ulimwambia." Akaangalia saa. "Keki inasubiri," akasema, akarudi ndani, na nikamsikia anawaita maharusi.

Onesmo, najua utaletewa haya, maana watu wetu hawaachi kitu kisifike. Wale waliokuajiri nao wataletewa, nitawapelekea mwenyewe, na safari hii kweli mwenyewe. Watanijibu kiapo chako ulikiapa kwa lugha gani, maana kwa Kiswahili hakikukufunga. Lakini kwako sitaki msamaha. Mimi kosa langu nimeliandika hapo juu, kila mtu amelisoma. Wewe lako bado unalisimulia unalipwa pilau. Ninachotaka ni kidogo. Namba ya Idrisa haijabadilika, nitakupa. Yangu hapokei, yako haijui, atapokea. Mpigie mchana, akiwa hana shifti. Usianze na haya tuseme hivi. Mwambie: ni mimi niliyekuwa mtu wa kati, ni mimi niliyesema mtawa, na yule mtu wako alisema neno moja tu, alisema mpenzi wangu, akaniambia niliseme hivyohivyo.

Litafsiri hilo, Onesmo. Mimi nangoja upande wa pili.